Wimbo Penye Kaburi

Somo: 2 Samweli 3:31–39

Leo na tutafakari kazi ya washairi, waimbaji na mafundi katika mazishi ya watu mashuhuri.

Abneri, aliyekuwa jemadari wa Sauli, aliuawa kwa hila langoni pa Hebroni. Muuaji wake alikuwa Yoabu, mkuu katika jeshi la Daudi. Ilikuwa rahisi watu kudhani kwamba mfalme ndiye aliyemtuma. Basi Daudi akalifuata jeneza, akalia kaburini, akatoa maombolezo. Yalikuwa maneno machache, lakini yalisema wazi kwamba mtu huyu aliangushwa na waovu. Yoabu naye alikuwa ameamriwa kuomboleza pamoja na wengine. Watu wakalia tena, wakajua ya kuwa mfalme hakuhusika na damu ile.

Hiyo ndiyo kazi ya mshairi penye kaburi: kufungua machozi, na kusema kweli.

Nasi hapa Kenya tumeiona. Tarehe 8 Oktoba 2011, Profesa Wangari Maathai aliagwa Nairobi kwa heshima za taifa. Maisha yake aliitetea miti, naye hakutaka kuzikwa katika jeneza la mbao. Mafundi wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji. Kazi ya mikono yao ilimshuhudia kuliko hotuba nyingi.

Lakini mara nyingi twaona mengine. Mtunzi hupewa orodha ya wakubwa wa kuwasifu. Marehemu aliyewanyima vibarua wake mshahara huimbwa kama malaika, na vibarua hao wamesimama nyuma wakisikia. Mjane ameketi mbele, wala hapati hata ubeti mmoja wa kumfariji. Je, wimbo huo ni wa nani?

Hatusemi marehemu atukanwe. Daudi alimwombolezea hata Sauli, aliyemwinda ili amwue, akamsifu kwa ushujaa aliokuwa nao kweli. Lililo jema na litajwe; lisilokuwapo lisitungwe.

Kwa hiyo, ndugu mtunzi, ukiitwa msibani, nenda kwanza ukakae na wafiwa, uwasikilize. Nasi wachungaji na wazee wa kanisa, tusiuondoe wimbo wao ili kumwongezea mwanasiasa dakika.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyelia penye kaburi la Lazaro, safisha midomo yetu, ili waliao wapate faraja na kweli yako isizikwe pamoja na wafu wetu. Amin.