Jozi 6 za Mwanza

Mwanafunzi unayenisikiliza pale Nyegezi, usichapishe dodoso kwanza; anza na swali. Mwaka 1991, watafiti mkoani Mwanza walijiuliza: je, kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kutapunguza maambukizi ya VVU? Swali moja tu, tena fupi. Wakachagua jamii 12, wakazipanga jozi 6: ya ufukweni na ya ufukweni, ya visiwani na ya visiwani. Ndani ya kila jozi, kura ikaamua ipi ianze kupata huduma, nyingine ikasubiri. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya katika jamii zilizopata huduma yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika zilizosubiri. Mimi huzistaajabia zile jozi kuliko hiyo asilimia. Ukilinganisha wavuvi wa Kirumba na wakulima wa pamba wa Kwimba, umepima tiba, au umepima ziwa?