Jasho la mama lina hesabu yake

Ndugu msikilizaji, siku hizi mwanamke wa mjini akimaliza mazoezi ya alfajiri hutazama saa yake ya mkononi, nayo humwambia amechoma kalori ngapi. Wiki hii tuulize: na yule wa Karagwe au Kyerwa, anayepanda kilima na dumu la maji kichwani, nani anamfanyia hesabu?

Njia ya kukadiria si ngumu. Mtu aliyekaa ametulia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Kulima kwa jembe huzidisha kiasi hicho kama mara nne au tano, kutegemea udongo na kasi. Mama wa kilo 55 akilima saa moja kwa kiwango cha mara tano, zidisha 55 kwa 5, unapata kalori 275. Saa tatu ni 825. Ni makadirio tu, maana kipimo hicho kilizoeleka kwa kumfikiria mwanamume wa kilo 70.

Na mizigo je? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya, Profesa Maloiy akiwa mmoja wa watafiti. Wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni, walipimwa pumzi wakitembea. Ilionekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wao haukuwaongezea matumizi ya nguvu.

Asitokee mtu akasema, "Kumbe hawachoki!" Tupige hesabu. Asilimia 20 ya kilo 55 ni kilo 11. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji, karibu mara mbili ya kiasi hicho, na kilima bado hakijahesabiwa. Tena utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 haukuiona nafuu hiyo kwa wote: wapo waliobeba kwa wepesi, wapo walioumia.

Msikilizaji, hesabu hii ina maana pale tu inapofika kwenye sahani. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2004 inasema mama anayenyonyesha, katika miezi sita ya kwanza, anahitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku. Huyo huyo ndiye mwenye jembe na dumu. Na katika nyumba nyingi yeye ndiye anayepakua ndizi na maharage, kisha akala mwisho, kile kilichobaki.

Mwanamke wa mjini anahesabu kalori ili azipunguze. Huyu wa Karagwe na Kyerwa tumhesabie ili azirudishe. Apakuliwe sahani yake mapema, iliyojaa. Na dumu lipande baiskeli, baba akiwa ndiye anayeisukuma.