Neno "Sema" Katika Mikutano Yetu

Akina mama na wazee wa vikundi, leo tuliangalie hili neno sema. Vijana wetu hulitumia hata kusalimiana: "Sema!" Lakini ukiligeuza kidogo tu, maana nayo inageuka. Kumsemea mwenzako ni kusema kwa niaba yake, ila mtoto akilia, "Nitakusemea kwa mwalimu!" huyo anatishia kushtaki. Kumsemesha mwanachama mnyamavu ni kumpa nafasi naye atoe yake (ingawa kijana akimsemesha msichana njiani, sote twajua anatafuta nini). Kusemana, hayo ni matusi na magomvi.

Linalotutia hofu zaidi ni "inasemekana". Neno hili halina mwenyewe. Inasemekana mweka hazina amekula pesa za kikundi. Nani kasema? Kimya. Mama wa watu anaacha kuja mkutanoni kwa aibu, na vitabu bado havijakaguliwa! Basi makatibu, tunawaomba: katika kumbukumbu msiandike "ilisemekana". Andikeni jina la aliyesema, kisha daftari la pesa lifunguliwe palepale, mbele ya wanachama wote, risiti moja moja.