Joto la Gesi Nyumbani

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za vyombo vya gesi vya kupashia nyumba joto. Wakaao pwani huenda wakauliza, “Joto la nini tena?” Lakini wakaao Njombe, Makete na Limuru wajua jinsi baridi ya Juni na Julai ipenyavyo mifupani. Wengi huingiza jiko la makaa chumbani. Wengine hununua chombo cha gesi, wakidhani ya kuwa, kwa sababu moshi hauonekani, hatari haipo. Dhana hiyo imeua watu.

Kila moto hula hewa. Ukipata hewa ya kutosha huwaka vema; ukiikosa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Sumu hii haina rangi, wala harufu, wala ladha. Mtu aivutapo hushikamana na damu yake kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu isiweze kuchukua hewa njema mwilini. Aliyelala haamki apate kukimbia. Jiko la makaa nalo hutoa sumu iyo hiyo.

Tena gesi yenyewe, hata kabla haijawaka, yataka hadhari. Katika New London, jimbo la Texas, Marekani, palikuwa na shule kubwa. Mchoro wa kwanza ulitaka jengo lipashwe joto kwa mvuke wa maji. Wakuu wa shule wakaubadili, wakatia vyombo 72 vya gesi. Mwaka 1937, ili kupunguza gharama, bomba la shule likaungwa na bomba la mabaki ya gesi ya visima vya mafuta. Gesi ile haikuwa na harufu. Ikavuja, ikajaa katika nafasi iliyokuwa chini ya sakafu. Wanafunzi wakalalamika kuumwa na kichwa, wala hapana aliyejali. Tarehe 18 Machi mashine moja ya umeme ikawashwa, ikatoa cheche, na jengo likalipuka. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo Texas ikaweka sheria ya kutia harufu katika gesi, na nchi nyingine zikafanya vivyo hivyo. Harufu mbaya tuisikiayo katika mitungi yetu nayo imetiwa ili tujue gesi ivujapo.

Basi, kabla ya kununua chombo, yatupasa kupanga njia tatu.

Ya kwanza ni njia ya gesi. Mtungi na ukae nje, wima, kivulini, mbali na shimo au mtaro. Kwa maana gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutambaa chini na kutuama. Bomba lake na kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, ambacho mafundi hukiita regulata, viungwe na fundi ajuaye kazi hiyo. Kila kiungo kipakwe maji ya sabuni: mapovu yakifura, pana tundu. Kamwe msitafute tundu kwa kiberiti.

Ya pili ni njia ya hewa kuingia. Ukuta uwe na matundu mawili, moja chini na moja juu, nayo yasizibwe kwa matambara wakati wa baridi.

Ya tatu ni njia ya moshi kutoka. Chagueni chombo chenye bomba litokalo nje, lipite juu ya paa; wala lisiishie darini au karibu na dirisha. Chombo kisicho na bomba kisiwashwe katika chumba cha kulala. Pazia, kitanda na nguo viwe mbali nacho kadiri ya mita moja au zaidi.

Kisha utazameni mwali. Ukiwa wa buluu na umetulia, ni vema. Ukiwa wa manjano na kutia masizi, zimeni, mkamwite fundi. Watu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa pamoja, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, nao wakipata nafuu watokapo nje, msiseme ni homa: zimeni moto, tokeni nje, mwendeni kwa mganga wa hospitali. Mkisikia harufu ya gesi, fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse swichi ya taa, mtoke.

Gharama ya bomba na matundu mawili si kubwa, nayo hulipwa mara moja. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Twawatakia usiku mwema, wenye joto na hewa njema.