Mashine ya Kaseti Yauzwa kwa Kilo

Juma lililopita nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja ambaye miaka ya 1980 na 1990 aliishi kwa kurekodi kaseti. Nilikuta mashine yake ya kunakilia imekaa juu ya mzani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa pembeni, anahesabu noti.

Vijana huenda hawaijui mashine ile. Uliweka kaseti moja yenye nyimbo na nyingine tatu tupu, ukabonyeza kitufe. Ilinakili pande zote mbili kwa pamoja, kwa mwendo wa mara 16 ya kawaida. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa tayari kabla dakika mbili hazijakwisha.

Tuseme kweli: mashine zile ziliwaumiza wanamuziki wetu. Bendi ilitunga, redio ikapiga, mwenye duka akanakili na kuuza. Mtunzi aliambulia sifa, na sifa hazinunui unga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999, wengi walikuwa wamekwisha kuzeeka mikono mitupu. Kisha zikaja CD, zikaja simu, na biashara ya kaseti ikafa. Nani aililie?

Lakini mimi nilikuwa na kaseti mfukoni. Ni ya harusi ya dada yangu, mwaka 1988, na ndani yake marehemu mama anaimba na wenzake. Redio kaseti ya nyumbani iliharibika zamani.

Fundi alibakiza deki moja rafuni. Akasafisha hedi kwa pamba na spiriti, akaweka kaseti, nami nikarekodi kwa simu. Sauti ilikuwa inayumba, lakini alikuwa mama.

"Na deki hii, kaka, utaiuza lini?" nikamwuliza.

Akanionyesha maboksi ya kaseti hadi darini. "Nikiiuza, mdogo wangu, hizi atazisikia nani?"

Nikanyamaza. Kaseti zile zilinakiliwa bila mtunzi kulipwa hata senti. Leo huenda baadhi ya nyimbo hizo hazipo penginepo.

Ndugu msikilizaji, mashine ya kunakilia na iende. Lakini kaseti iliyo kabatini kwako itoe leo, umtafute fundi kama huyu angali na deki. Na wimbo wa mtu ukiupata humo, usiuuze: deni la mwenyewe halikupimwa kwenye mzani ule.

Hadi juma lijalo, kwaherini.