Kabla ya Kukutana na Mhasibu kwa Mara ya Kwanza

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wafanyabiashara wadogo na vikundi vya wajasiriamali, katika mkutano wa kata)



Wengi wetu humkumbuka mhasibu maji yakiwa yamefika shingoni: makadirio ya kodi yamekuja makubwa, au kikundi kimegawanyika kwa sababu ya fedha. Tunamwendea na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi, tukitaraji muujiza. Lakini mhasibu si mpiga ramli. Huhesabu kile alicholetewa. Asipoletewa kitu hukisia, na makisio mara nyingi humwumiza mwenye mali.

Chukueni mfano wa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya mwaka kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 alitozwa shilingi 100,000 iwapo hakuwa na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Aliyeuza kwa milioni 5 na kuonyesha daftari alidaiwa shilingi 30,000 tu. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na huweza kubadili viwango. Ulizeni TRA vinavyotumika sasa. Hata hivyo, funzo linabaki palepale.

Basi, tujiandae vipi?

Kwanza, tutenganishe fedha za biashara na za nyumbani. Ukichota katika mauzo ukalipa ada ya mtoto, usifiche. Andika kuwa ni matumizi yako binafsi. Kisichoandikwa kitaonekana kama hasara au wizi.

Pili, tukusanye nyaraka kwa mpangilio wa miezi: namba ya mlipakodi, leseni, stakabadhi za manunuzi na mauzo, mkataba wa pango, taarifa za benki na za miamala ya simu. Ongeza orodha ya bidhaa zilizopo dukani, na ya madeni: unaowadai na wanaokudai.

Tatu, tuandike maswali. Ada yake ni kiasi gani, na inalipwa kwa mwezi au kwa kazi? Nani atawasilisha ritani za kodi, na kwa tarehe zipi? Je, amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA? Mpe nakala, nyaraka halisi ubaki nazo, kwani sheria inakutaka uzihifadhi kwa miaka 5. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya simu yako wala ya benki.

Kwa vikundi, mwenyekiti na mweka hazina waende pamoja, wakiwa na katiba, mihtasari ya vikao na daftari la michango. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, lakini si zawadi. Rejesho lenu ndilo mtaji wa kikundi kinachosubiri nyuma yenu.

Mwisho, tuseme kweli. Deni lililofichwa mbele ya mhasibu halifutiki. Hujitokeza siku ambayo msaada wake umechelewa. Wala asiye na daftari asione haya. Anunue leo, aandike mauzo ya leo, na kesho aendelee. Akifika kwa mhasibu na kurasa za mwezi mmoja, atakuwa ameshaanza kujibiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Isiwe mali yenu.