Nyumba ya Kwanza ya Wageni: Hesabu Kabla ya Kuweka Shamba Rehani

Mada kwa wakazi kuhusu ununuzi wa nyumba za kupangisha kwa muda mfupi



Mnamo Mei 2022 jiji la Kisumu lilikuwa mwenyeji wa kongamano la Africities. Wageni walikuja kutoka pembe zote za Afrika, vyumba vya hoteli vikawa adimu, na baadhi ya wakazi wakawapokea wageni majumbani mwao. Tangu wakati huo, nyumba za kupangisha kwa siku, ambazo wengi huziita Airbnb, zimekuwa gumzo kuanzia Milimani hadi Riat na Mamboleo. Kuna waliofungua chumba cha nyuma ya nyumba wakafanikiwa. Kuna pia wanaotaka kununua fleti kwa mkopo, na dhamana wanayopeleka benki ni shamba la nyumbani kule Seme, Nyakach au Muhoroni. Hao wa pili ndio wanaolengwa hasa na mada hii, kwa sababu biashara ikianguka, si fleti peke yake itakayopotea.

Kongamano lile lilichukua siku tano. Mwaka una siku 365.

Chukueni mfano wa mkazi anayenunua fleti ya vyumba viwili kwa shilingi milioni 6. Ana milioni 1 mkononi, anakopa milioni 5 kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi benki itataka karibu shilingi 70,000. Akitoza wageni shilingi 3,500 kwa usiku, anahitaji usiku 20 wenye wageni ili kufikisha pesa za benki tu. Lakini kila mgeni anatumia stima na maji, shuka zinafuliwa, na mtu wa kusafisha analipwa. Programu ya simu iliyomleta mgeni nayo inakata kamisheni yake. Tuseme hayo yote ni shilingi 1,000 kwa usiku. Anabaki na 2,500. Kuna pia gharama zisizojali kama mgeni yupo au hayupo: ada ya huduma za jengo, intaneti, mlinzi, fundi wa bomba. Zikiwa shilingi 15,000 kwa mwezi, mkazi huyu anahitaji usiku 34 wenye wageni katika kila mwezi ili asipate hasara. Mwezi wa namna hiyo haupo kwenye kalenda.

Asiyekopa naye apige hesabu zake. Kwa bei hizo hizo na usiku 20 wenye wageni, atabaki na shilingi 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 7 ya milioni 6, kabla ya kodi za serikali, na bila kuhesabu vitanda, friji, jiko na mapazia ya kuanzia. Si hasara, lakini si ule utajiri unaosimuliwa mitandaoni. Kila mtu aweke bei za mtaa wake badala ya hizi. Namba ya kutafuta ni ile ile: usiku mingapi unaweza kukaa mtupu kabla ya kuanza kutoa pesa mfukoni?

Kisumu ina misimu yake. Desemba walio ng'ambo na Nairobi hurudi nyumbani. Mahafali ya vyuo vikuu huleta wazazi, Dala Sevens huleta vijana, mazishi huleta jamaa wa mbali ambao boma haliwatoshi. Katikati ya wiki, kwa miaka mingi, waliojaza vyumba walikuwa watafiti na wafanyakazi wa mashirika ya afya. Kisha mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya kanda ya ziwa ikapunguza watu na mikutano. Aliyenunua fleti akitegemea wageni wa warsha peke yao alijikuta na kundi moja la wateja, na kundi hilo halikuwa mikononi mwake.

Kwa hivyo iko njia isiyo na fahari lakini yenye usalama zaidi: kupanga kwanza nyumba ya mtu mwingine kwa mwaka mmoja, kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na kuiendesha kama nyumba ya wageni. Mwaka huo utaonyesha Februari inafananaje. Idhini iwe ya maandishi kweli, si ya maneno ya mlangoni, kwa maana mpangaji anayewapangishia wengine kimya kimya anaweza kufukuzwa pamoja na mgeni wake.

Aliyeamua kununua fleti asome kwanza kanuni za jengo. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inampa mwenye fleti hati yake mwenyewe, lakini pia inawaweka wamiliki wote chini ya shirika moja la jengo lenye kanuni zake. Baadhi ya majengo hayataki wageni wa siku moja moja, na majirani wenye watoto hawawezi kulaumiwa kwa hilo. Kulijua jambo hili baada ya kulipa ni kuchelewa.

Wengi lakini hawaoti fleti. Wanaota nyumba ndogo inayotazama ziwa, machweo yakionekana barazani. Ndoto nzuri, na ndiyo inayohitaji macho makali kuliko zote.

Ziwa halina mpaka uliosimama. Mnamo Mei 2020 maji yalifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Pwani za Dunga na Nduru zilivamiwa, na watu wakahama nyumba walizokaa miaka mingi. Kati ya miaka hiyo miwili ni zaidi ya nusu karne, muda wa kutosha kwa watu kusahau, kugawa viwanja, kujenga na kuuza. Anayeonyeshwa kiwanja cha ufuoni wakati wa kiangazi asimuulize dalali maji hufika wapi. Awaulize wazee wa ufuo na wavuvi, wamwonyeshe mti au ukuta ambao maji yaliugusa 2020. Kisha aende kwa NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kujua eneo la hifadhi ya ufuo linaishia wapi. Ukuta uliojengwa ndani ya eneo hilo unaweza kubomolewa hata kama hati ipo.

Hilo la hati linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu wanunuzi wengi huamini kwamba karatasi yenye muhuri wa ofisi ya ardhi inamaliza maneno. Haimalizi. Huko Nyali, Mombasa, kampuni ya Dina Management ilinunua kiwanja cha ufuoni. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaubomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na ilikuwa na hati. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Aprili 21, 2023 iliamua kwamba kiwanja kile kilikuwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, na hati iliyotokana na ugawaji huo haikuweza kumlinda mnunuzi wa baadaye. Pesa zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Funzo kwa mnunuzi wa ufuo wa Ziwa Victoria ni kwamba kupekua rejista ya ardhi ili kujua jina la mwenye hati leo hakutoshi. Wakili afuate historia: nani alipewa kiwanja kwanza, kwa utaratibu upi, na kama ramani ya upimaji inaonyesha njia ya kwenda majini, ufuo wa kupakulia samaki au ardhi ya reli. Mpima ardhi aende na mnunuzi hadi kwenye alama za mipaka. Kama kiwanja ni cha kukodishwa na serikali, ihesabiwe miaka iliyobaki. Kama ni shamba, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na kuligeuza kuwa mahali pa biashara kunahitaji idhini ya Kaunti ya mabadiliko ya matumizi. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa mawakili hadi masharti yatimizwe. Dalali anayetaka itumwe kwa simu yake jioni hiyo hiyo kwa sababu “kuna mnunuzi mwingine” aachiwe huyo mnunuzi mwingine.

Kodi na leseni zisisahaulike. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kwa ile fleti ya milioni 6 ni shilingi 240,000, nje ya ada za wakili. Nyumba ya wageni inahitaji leseni ya biashara ya Kaunti na usajili wa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kodi ya asilimia 7.5 iliyozoeleka kwa nyumba za makazi huenda isiwe ndiyo inayohusu mgeni wa siku mbili anayetandikiwa kitanda, kwa hivyo mwenye nyumba aulize KRA anaangukia wapi kabla ya kupanga bei.

Usajili huo si wa kukusanya ada tu. Mnamo Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za aina hii jijini Nairobi, na nchi ikauliza ni nani aliyekuwa akijua nani ameingia. Mwenye nyumba aandikishe kitambulisho cha kila mgeni na kukihifadhi kwa siri, aweke mwanga mlangoni, na awe na mtu wa karibu anayepatikana usiku. Kamera ikae nje tu.

Sasa lile shamba. Kuliweka rehani kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na kama nyumba ya familia iko hapo, sheria inataka idhini ya mume au mke. Saini hiyo isichukuliwe kama karatasi ya kupita tu. Mwenzi aonyeshwe hesabu yote, pamoja na miezi mitupu. Malipo yakikwama, benki hutoa kwanza notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada hutoa yake. Wengi huificha barua ya kwanza kabatini kwa aibu. Miezi hiyo mitatu ndiyo muda wa kwenda benki kuomba mkopo upangwe upya, au kuiuza fleti kwa hiari shamba likiwa bado halijafika kwenye mnada.